Kona ya Kushoto, Kongwa

Daktari Masinjila, kabla hujafunga mkanda
njoo uone ninachobeba mfukoni.
Kipande cha beringi. Kishike.
Kilikuwa laini kama ukucha wa mtoto,
sasa kimesagika, cheusi, kinanuka nywele zilizoungua.
Kilitoka kwenye Subaru ya kijana mmoja wa Kizota
aliyedhani kujaza oili hadi alama ya juu kunatosha,
na mengine ni mguu na moyo.

Huu ni uwanja wa zamani wa ndege, si barabara ya Morogoro.
Barabarani unakanyaga, unakuta tuta, unaachia,
injini inapata pa kumezea mate.
Hapa hakuna tuta.
Hapa kuna ile kona ya kushoto, ndefu,
inayozunguka mapipa manane,
na humo, sekunde sita nzima,
kila kimiminika kinakimbilia kulia:
chai tumboni mwako, petroli,
na oili yote, lita tano, inapanda ukuta wa sampo
kama mbuzi walionusa fisi
wanavyojazana upande mmoja wa zizi.
Bomba la pampu linabaki katikati, mdomo wazi,
linanyonya upepo.

Sauti hiyo naijua tangu sijajua gari.
Oktoba, Mvumi, kisima cha shule.
Mama anasukuma mpini, juu, chini, juu,
na bomba linakohoa
kama ng'ombe mwenye ule ugonjwa wa mapafu unaoujua wewe.
Foleni ya ndoo ikanyamaza.
"Maji yapo," Mama akasema,
"ila hayapo hapa."

Ndiyo maana nimechomelea kuta ndani ya sampo lako
na vijilango vinavyofungukia katikati tu,
kama mtego wa panya: kuingia ruksa, kutoka hakuna.
Ndiyo maana kipoza oili kimekaa mbele
nyuma ya wavu wa kuku. Cheka tu.
Jiwe la Kongwa halichagui.
Na filta ya hewa nimeivisha soksi,
kwa sababu vumbi letu si vumbi, ni msasa.

Sasa sikiliza.
Mzunguko wa kwanza ni wa kuamsha.
Usiguse elfu nne mpaka geji ya oili ifike themanini;
ya oili, nimesema, ya maji ni mwongo mpole.
Ikifika mia na thelathini, unaachia.
Hata kama Chigwiye na Altezza yake wako mbele yako
bamba kwa bamba.
Hasa kama wako mbele.

Haya. Nenda.

Wenzangu wanapanda juu ya pikapu waone.
Mimi nageuza mgongo, nafumba macho.
Wa pili, wa tatu, unaimba vizuri.
Wa tano, tairi zinalia, injini hailii.
Wa saba, katikati ya kona,
sauti inashuka nusu, taratibu,
na Altezza inakupita ikipiga honi kama harusi.

Umeachia.
Nilijua ni wewe umeachia, si yenyewe.
Tofauti yake ni ndogo kuliko unywele
na inagharimu milioni saba.

Unazunguka tena polepole, gia ya nne, feni inavuma,
unaingia kivulini umenuna kama uliyenyimwa nyama,
na mkono umeshafika kwenye ufunguo.
Toa huo mkono.
Tabo bado nyekundu kama jiko la mchoma mishikaki;
ukizima sasa, oili itagandia humo kama ukoko wa ugali.
Iache ipumue. Nawe pumua.
Kunywa maji.

Dakika tano. Haya, zima.
Nachomoa kipimo,
nasugua tone kati ya vidole viwili,
nalielekeza juani,
natafuta chembe inayometa.

Usiniulize bado.
Natazama.